Motere ya boti iliyopandishwa kutoka Uvira: acha oili, gusa jikleri

Ndugu, umeuliza kwa nini motere yako ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, uliyoinunua Uvira ikifanya kazi vizuri, inatoa moshi mwingi, inachafua buji (plagi ya kuwashia) na imepoteza mwendo tangu uilete Bukavu, na kama ufuate shauri la fundi aliyekuambia upunguze oili. Kwa kuwa kwetu Nguba ninazitunza mwenyewe uani motere za aina hiyo, za mitumbwi inayobeba mizigo ya Idjwi na Kalehe, nitaanza na hilo la oili, maana ndilo linaloweza kukuulia motere nzima.

Usipunguze. Katika motere hizi hakuna oili nyingine inayolainisha pistoni na beringi isipokuwa ile iliyomo ndani ya petroli. Tena, ukipunguza oili katika bidoni ileile, nafasi yake inachukuliwa na petroli, kwa hiyo kinachoingia kwenye silinda kinazidi petroli kidogo, na kuzidi kwa petroli ndiyo shida uliyokuja nayo. Jirani yangu alipewa shauri hilohilo. Moshi ulipungua kweli, akafurahi, kisha pistoni ikakwama katikati ya ziwa akiwa na abiria na magunia ya mihogo. Fuata kipimo cha kitabu cha motere yako. Kwa nyingi za ukubwa huo ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili katika bidoni ya lita 20, na oili iwe yenye alama ya TC-W3, yaani ya motere za boti za aina hii. Oili ya gari haifai hapa hata muuzaji akikuapia, kwa sababu viungo vyake vikiungua huacha majivu juu ya pistoni na kwenye buji.

Chanzo chenyewe ni hewa. Uvira uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu, hapa Bukavu, liko mita 1,460 hivi. Mgandamizo wa hewa hapa kwetu ni pungufu kwa asilimia 8 hivi kuliko Uvira, na kwa asilimia 16 hivi kuliko pwani, ambako ndiko kipimo cha kiwandani kinakochukuliwa, ilhali kabureta inaendelea kumimina petroli karibu kiasi kilekile. Sambaza, wale samaki wadogo, waliletwa huku kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakazoea wenyewe. Motere haizoei, ni lazima urekebishiwe kabureta.

Kinachorekebishwa ni jikleri kubwa, kile kipande kidogo cha shaba chenye kitundu kinachopima petroli motere inapokimbia kwa nguvu zote. Ina namba ubavuni. Tafuta yenye namba ndogo kwa hatua moja, na kama kabureta ni zaidi ya moja, badilisha zote zilingane. Kamwe usizibe kitundu kwa waya wala usikipanue kwa sindano, kwa sababu hutajua tena una kipimo gani. Kisha peleka mtumbwi ukiwa na mzigo wake wa kawaida, kimbiza kwa nguvu zote kwa dakika chache, zima ghafla bila kupunguza gesi kwanza, na ufungue buji palepale. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi meusi yanakuambia ushuke hatua nyingine. Ukiona nyeupe yenye vipele, rudi juu mara moja, maana petroli imekuwa haba mno na pistoni inaweza kutoboka.

Hata hivyo, usitegemee kurudishiwa nguvu zote za kiwandani. Kwa mwinuko huu motere ya 40 hutoa 34 hivi, na hakuna jikleri itakayobadilisha hilo. Kwa maoni yangu, fedha ya kuboresha iende kwenye propela kabla ya kitu kingine chochote. Nunua kipima mizunguko kidogo, kile ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa buji, usome mizunguko kwa dakika ukiwa na mzigo kamili. Motere nyingi za aina hii zinatakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500. Yako ikiishia 4,200, propela ni nzito kwake; kila inchi moja unayopunguza katika hatua ya propela (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), ile namba ya pili iliyochongwa kwenye kitovu chake, huongeza mizunguko 150 hadi 200. Kitu cha pili cha kununua ni chujio la kutenga maji, kwa kuwa petroli ya bidoni za barabarani mara nyingi ina maji chini.

Matunzo mengine ya nyumbani ni mepesi. Usiwashe motere kavu hata kidogo, kwa sababu impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji ndani ya pampu ya maji, ni ya mpira na huungua upesi. Itumbukize kwenye pipa hadi maji yapite matundu ya kuvutia, propela ikiwa imetolewa. Oili ya gia ya chini ibadilishwe kila saa 100 za kazi, ukijaza kwa tundu la chini mpaka itokee la juu ili hewa isibaki ndani. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamepenya, na mara nyingi mkosaji ni uzi wa nyavu za sambaza uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili inayozuia maji, kwa hiyo uvue propela na kukagua hapo mara kwa mara.

Zile jikleri za zamani zitie kwenye kimfuko, uandike namba, uzihifadhi pamoja na funguo za motere. Siku ukiishusha tena Uvira au ukimuuzia mtu wa huko, ni lazima zirudishwe kabla ya kuwashwa, kwa kuwa kipimo cha Bukavu kitakuwa na petroli haba kwa hewa ya kule.