Umeniuliza uwanja umenilipa nini

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Karatu. Huku wote wazima, ila mvua inatuzungusha tu. Juzi kwenye simu ulikuwa unakimbilia kazini, ukaniachia swali ukakata: "Mama, miaka yote hii unahangaika kufundisha watoto wa watu mbio, uwanja umekulipa nini? Filbert Bayi mwenyewe aliondoka huko, wewe ulirudi kufanya nini?" Jibu lake haliishi kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Nianze na huyo Bayi, mkimbiaji mzaliwa wa hapa Karatu, uliyemfanya shahidi wako. Ni kweli, aliondoka. Aliingia jeshini, JWTZ, na tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitangulia tangu bastola ilipolia mpaka utepe. Mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mwisho, naye akaipita rekodi ya zamani, lakini wa pili ni wa pili. Mimi nilikuwa binti wa shule, na wiki ile kila mtoto wa Karatu alikuwa Bayi, hata wa kwenda kisimani alikwenda mbio. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili, Kingston, dakika 3 na sekunde 51. Montreal 1976 hakukimbia, kwa sababu nchi zetu ziligoma baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Moscow 1980 akapata medali ya fedha katika kuruka viunzi na maji. Hiyo, na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 mwaka huohuo, ndizo medali zote za Olimpiki nchi hii iliyo nazo mpaka leo.

Sasa niambie, aliondoka aende wapi? Shule zake ziko Kimara na Kibaha, sawa. Lakini Tamasha la Michezo la Karatu linalofanyika Desemba liko chini ya taasisi yake. Wewe mwenyewe ulikuwa unalilia nikupeleke, na kilichokuvuta zaidi, nikumbuke vizuri, ni ngoma na mashindano ya baiskeli. Mbio hukuzipenda hata siku moja, na sikukulazimisha.

Ila tamasha ni siku ya mavuno, na mimi kazi yangu ni palizi. Vipaji Karatu havijawahi kupungua. Mtoto anayechunga huku juu, hewa nyepesi, vilima kila upande, anakuja uwanjani mapafu yake yameshajengwa kabla hujamfundisha neno. Anachokosa ni mtu mzima anayekuwepo saa kumi jioni, kesho na keshokutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliposimamishwa, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari vikafa kwa muda, niliona kwa macho yangu: watoto waliotakiwa kuonekana wakiwa darasa la sita hawakuonekana kabisa. Wako Mang'ola wanalima vitunguu, wengine wanaosha magari ya watalii. Kazi halali zote, siwadharau. Lakini hakuna aliyewahi kuwapima hata raundi moja.

Halafu kuna wasichana. Mimi niliyefika timu ya mkoa na kuishia hapo najua wanakokatikia. Hawakatikii uwanjani, wanakatikia nyumbani, kwenye ndoo ya maji. Ndiyo maana kila nikimpata mwenye miguu, kazi ya kwanza ni kwenda kukaa na mama yake, na sukari kilo moja mkononi, tukubaliane nani atachota maji siku za mazoezi. Kaka zake wananichukia. Baba huwa wa mwisho kukubali na wa kwanza kujisifu.

Na kuna jambo jingine silisemi hovyo. Wanakuja watu na gari, wanamwahidi mtoto wa miaka 14 pesa akikimbia kilomita 21 barabarani. Akishinda mara mbili, goti limekwisha kabla hajafika kidato cha nne. Kazi yangu kubwa pengine si kuwafanya wakimbie, ni kuwazuia. Kilomita tano, mbio za nyika, basi, urudi nyumbani ukasome. Kwa hilo nimetukanwa sana, hata na wazazi.

Umeuliza malipo. Posho nimepata kidogo, tena kwa kuchelewa. Wengi niliowafundisha hawakuwa wanariadha, ni walimu, madereva, mmoja ni muuguzi aliyenichoma sindano mwezi uliopita akicheka kwamba leo zamu yake kunisikilizisha maumivu. Mimi jioni ikifika bila filimbi shingoni ninakuwa mkali kwa baba yako bila sababu. Muulize.

Kuhusu kuhamia kwako Dar nipumzike, asante mwanangu, nitakuja Januari, tamasha likishapita. Kwa sasa, kama unataka kunisaidia, nitafutie raba za mitumba pale Karume, namba 36 mpaka 39, soli iwe nzima. Na usimpe dereva wa basi pesa ya mzigo mapema, nitamlipa mimi mzigo ukifika.

Mama yako