Koili moja, bei nne

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, maduka ya spea za magari yalazimishwe kumrudishia mteja pesa kifaa kisipomfaa?" Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya kununua pumba hapa Kibaha, na kabla sijafika mbele nilikuwa nimeshajibu kwa sauti: walazimishwe, tena kuanzia kesho. Mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kunitazama.

Usiku huu nimekaa kuandika jibu lenyewe, na naona kinachoniuma hasa si pesa kurudishwa. Kinaanza mapema zaidi, pale unaposimama kaunta ukauliza bei, na muuzaji badala ya kukutajia anakuuliza: "Umetumwa na fundi au unachukua mwenyewe?" Muuza sukari ameshawahi kukuuliza nani kakutuma?

Mimi nafuga kuku wa mayai. Nina Probox yenye injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST nyingi mnazopishana nazo barabarani. Kila Jumatano na Jumamosi napakia trei hamsini, nashuka na barabara ya Morogoro hadi Manzese na Magomeni kwa vijana wa chipsi. Saa kumi na moja jioni wao wanawasha moto. Mayai yasipofika kabla ya hapo wananunua kwingine, na kijana wa chipsi akishazoea mayai ya mtu mwingine, kumrudisha ni kazi.

Jumatano moja mwaka juzi nilikuwa nimeshapita Mbezi gari likaanza kutetemeka. Nikikanyaga mafuta halipandi, linakohoa tu, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa. Nikajikokota hadi Kimara, nikaingia kwenye gereji moja chini ya mwembe.

Fundi wa pale simlaumu kwa kazi yake, na nataka hilo lieleweke. Injini ikiwa inaunguruma, alichomoa soketi za koili, vile vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza alipoichomoa injini ikazidi kutetemeka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akaichomoa na hakikubadilika kitu. Kisha, ili niamini, akaihamishia koili hiyo kwenye silinda ya kwanza, na ugonjwa nao ukahamia silinda ya kwanza. "Mama, umeona mwenyewe," akasema. Niliona. Mafundi wengi hawakuonyeshi kitu, wanakutajia tu kilichokufa.

Akaniambia nimpe laki moja na ishirini amtume kijana wake Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Uso wake ulibadilika kidogo, na wakati ule sikuelewa kwa nini. Hata hivyo akaniandikia namba kwenye kipande cha boksi: 90919-02240. Akasisitiza mwisho wake uwe 40. "Ukiona 39 usichukue, hiyo ni ya 1ZZ, ile injini ya 1800 ya Allion na Premio za zamani."

Nikaacha mayai kwenye gari, vioo nimeshusha nusu, nikapanda basi la mwendokasi kutoka Kimara Mwisho hadi Gerezani nikiwa nimesimama njia nzima.

Mnaoijua Gerezani mnajua kilichofuata. Sijavuka barabara, mawinga wawili wameshanidaka: "Mama yangu, unatafuta taa? Bampa? Njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Winga hana duka, chakula chake ni kile kinachoongezwa juu ya bei ya mwenye duka. Nikawakwepa, nikaingia mwenyewe.

Duka la kwanza: laki moja na ishirini, orijino. Duka la pili: elfu arobaini na tano, ya China, "lakini hii kali, mama". La tatu walikuwa na ya mtumba kutoka Dubai kwa elfu thelathini na tano, na yule kaka alikuwa mkweli, alisema ukiifunga ikikataa ni bahati mbaya yako. La nne: elfu sabini, orijino, na boksi lake lilifanana na lile la laki na ishirini mpaka rangi na maandishi. Nililigeuza boksi lile huku na huku. Ama duka la kwanza lilikuwa linaniibia, ama la nne lilikuwa linaniuzia feki, na mimi mfugaji wa kuku ningejuaje?

Nikiwa bado nalishika, akaingia kijana amevaa ovaroli lililojaa oili. Akataja koili ile ile. Akapewa boksi lile lile, kutoka rafu ile ile. Akatoa elfu hamsini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chenji, "Niandikie tisini." Na muuzaji akaandika tisini bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimesikia habari za cha juu, ile pesa fundi anayojiongezea kwenye bei ya spea, maisha yangu yote. Kuiona ikiandikwa kwa kalamu mbele yangu ni kitu kingine. Koili moja: hamsini kwa fundi, sabini kwangu, tisini kwa mtu fulani aliyekuwa amekaa kwenye benchi la gereji mahali fulani akisubiri, ambaye angeonyeshwa risiti na kuridhika. Mpaka leo huwa namfikiria mtu huyo. Nikakumbuka na laki na ishirini yangu ya Kimara.

Nikamwambia muuzaji, "Mwanangu, na mimi nipe kwa hamsini." Akasema, "Mama, yule ni mteja wa kila siku." Tukavutana, tukaishia sitini. Nikaomba risiti ya mashine. Akasema ya mashine ni elfu sabini na mia nane, kwa sababu ya VAT ya asilimia 18, na ya mkono ni sitini. Nilichukua ya mkono. Hapo nilikosea na nasema wazi kwamba nilikosea. Muuzaji anapaswa kutoa risiti ya mashine kwa kila anachouza na mnunuzi anapaswa kuidai. Mimi niliacha haki yangu kaunta ili niokoe elfu kumi.

Kimara nilifika saa nane. Fundi akafungua boksi, akaitoa koili, akaisogeza kwenye mwanga, akanitazama. Hakuipachika hata. Boksi liliandikwa 40. Koili yenyewe ubavuni iliandikwa 39.

Nikapanda tena mwendokasi. Njiani nikawapigia vijana wa chipsi. Wawili waliniambia wameshanunua.

Dukani yule kijana hakutaka hata kuishika. Akanionyesha mhuri kwenye risiti yangu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akaongeza, "Na vya umeme ndiyo kabisa, mama." Mimi si mtu wa kugombana, lakini siku ile nilipaza sauti. Nilisema sitoki. Wateja wengine wakaanza kusogea pembeni. Ndipo mzee mwenye duka akatoka nyuma, kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia, "Shikamoo hakuna, salamu hakuna, tunapigana tu?" Nikamwamkia. Akaniomba nikae.

Hakunijibu kwanza. Aliinama chini ya kaunta akatoa boksi la tambi lililojaa koili, kumi na kitu hivi, zote zimekufa. Akasema hizo zote zilirudishwa dukani kwake zikiwa ndani ya maboksi mapya. Fundi ananunua mpya leo, anaifunga kwenye gari la mteja, kesho anairudisha ile iliyokufa ndani ya boksi jipya na kusema haikufanya kazi. Nyingine zilikuwa mpya kweli, lakini zilifungwa juu ya plagi zilizochakaa, au kwenye injini inayovujisha oili hadi kwenye matundu ya plagi. Zinakufa baada ya muda mfupi, na lawama inakuja dukani. "Nikizipokea zote, mama, nafunga duka."

Kisha akaichukua ile yangu, akaigeuza, akatazama chini ya soketi. Palikuwa na nukta nyekundu. Rangi ya kucha, ya mke wake. Kila koili inayoingia dukani kwake anaitia nukta hiyo, na ndivyo anavyojua iliyotoka kwake. Akakaa kimya muda. Akamwita kijana, akamwambia maneno mawili ambayo sikuyasikia. Akaniletea nyingine, akaifungua mbele yangu, akanisomesha namba mwenyewe: mbili-mbili-nne-sifuri. Hakuomba radhi. Nauli hakurudisha, wala hakuuliza mayai yangu yamepatwa na nini. Aliniambia tu siku nyingine nije na sampo, ile iliyokufa, na boksi nilifungulie pale pale kabla sijatoa pesa.

Manzese niliingia baada ya magharibi. Nilirudi Kibaha na trei kumi na nane.

Nimesimulia kirefu kuliko mlivyoomba, na nilipoanza nilikusudia kisa hiki kiwe ushahidi wa upande wa mashtaka. Sasa nakisoma tena na naona kimenigeukia. Binti wa jirani yangu anayesomea sheria ananiambia hakuhitajiki sheria mpya kwa lililonipata mimi: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tayari inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Boksi likisema 40, ndani iwemo 40, na mhuri ule haufuti hilo. Sawa. Lakini mlichouliza nyinyi ni kifaa "kisipomfaa" mteja, na hilo ni pana mno. Koili nzima iliyouliwa na plagi mbovu nayo haikumfaa mteja. Nani alipe hapo?

Na mimi mwenyewe nauza mayai. Mteja akinipokea mlangoni, akikagua trei akakuta lenye ufa, nabadilisha bila neno. Akinipigia kesho yake kwamba mawili yalikuwa na ufa, sibadilishi, kwa sababu sijui yameangushwa na nani. Hiyo ndiyo sheria ya mzee yule hasa, ila yeye kaipigia mhuri. Siwezi kumdai yeye nisichokubali kudaiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu, ambalo asubuhi lilikuwa ndiyo, usiku huu ni hapana kwa vifaa vya umeme vikishafungwa kwenye gari, na ndiyo kwa kifaa ambacho si kile kilichoandikwa kwenye boksi, na kwa spea nyingine kama bushi na beringi sina hakika, labda wenye uzoefu zaidi waseme.

Ila kwenye bei sijalegea. Bei ya trei ya mayai, ikifika saa mbili asubuhi, mtaa mzima unaijua, kwa sababu kila nyumba inanunua kila wiki. Nikimpandishia mtu ataniambia fulani kanunua kwa kiasi gani. Wa trei ishirini namshushia, na wa trei moja ananisikia nikimshushia, na anajua sababu. Koili unanunua mara moja kwa miaka mitano, gari likiwa limekufa barabarani, mayai yako yanapata joto. Hapo huna jirani wa kumuuliza. Kinachotozwa pale ni kutojua kwako. Ningekuwa na uwezo, ningelazimisha hili kabla ya kurudisha pesa: kwenye kila rafu iandikwe orijino kiasi hiki, ya China kiasi hiki, ya mtumba kiasi hiki, na risiti ibebe pesa iliyotolewa, si ile iliyoombwa na fundi.

Na hapo penyewe najiwekea kipingamizi. Fundi wa Kimara alinitoza elfu tano kwa ufundi. Kuutafuta ugonjwa, kunithibitishia, kuniandikia namba, kukataa koili ambayo angeweza kuilazimishia, elfu tano. Angenitajia elfu ishirini ningemwambia, "Umefungua bolti moja tu!" Nimeshawahi kulisema neno hilo kwa fundi mwingine, na nyinyi mnaosoma mmelisema. Tunakataa kulipia kichwa cha fundi, naye analipwa kwenye spea. Bei zikiandikwa rafuni cha juu itapungua, na ufundi utapanda, na sijui kama sisi wenye magari tuko tayari kwa hilo. Mimi kwa sasa nampa yule wa Kimara elfu ishirini bila kuombwa, na spea nanunua mwenyewe. Safari hii amekubali bila uso kubadilika.

Bado nanunua kwa yule mzee. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua plagi nne, na zile za zamani nilikuwa nazo mkobani. Kijana ni yule yule. Alifungua maboksi bila kuambiwa, akazipanga kaunta mbele yangu moja moja, akasubiri nisome namba. Kisha akaniuliza kama nimetumwa na fundi. Nikamwambia anitajie bei kwanza.

Mfugaji wa kuku, Kibaha