Vidole vilivyoshika kiti cha babu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni nikipepeta mchele, nikaurudia usiku kitandani. Sikukupigia simu kwa sababu nyumba hii ya Kuze unaijua, ukikohoa jirani anakwambia pole. Ndiyo nikashika kalamu.

Ulisema umetazama mchezo wa Branden Jacobs-Jenkins uitwao Appropriate, ule uliopata tuzo ya Tony mwaka 2024. Watoto watatu wa marehemu, Toni, Bo na Franz, wanakutana Arkansas katika nyumba ya baba yao, nyumba ya shamba lililolimwa na watumwa. Wamekuja kuuza na kugawana. Katika takataka za mzee wanakuta albamu ya picha za watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu, na huko nje nyenze wanalia tu. Kisha ukaniuliza, kwa sauti yako ile ya utani unayoitumia pale usipotania: "Mama, albamu yetu sisi iko wapi? Na sisi tulikuwa upande gani?"

Tulikuwa pande zote mbili. Na albamu yetu ni picha moja, umekua ukiitazama.

Ni ile ya babu yangu, sebuleni juu ya kabati la vyombo. Ameketi na joho lake, jambia kiunoni, macho makali kama anadai kodi. Pembeni, kwenye mgongo wa kiti, mna vidole vitatu vya mtu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza ni vidole vya nani, nami nikikwambia ni vya mpiga picha. Ukakubali. Sijui mpiga picha angewezaje kuwa mbele na nyuma ya mtambo wake kwa wakati mmoja, lakini ulikubali.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa hivyo hivyo, na nilikubali mpaka masika ile dari ilipovuja, wewe ukiwa kidato cha pili. Maji yaliingia ndani ya kioo, nikaipeleka kwa fundi wa fremu kule Bondeni. Aling'oa vimisumari kimoja kimoja akivitia kwenye kifuniko cha chupa, akauondoa ubao wa nyuma, akanyamaza. "Mama, hii imekunjwa." Akaifungua kwa kisu cha kupakia siagi, taratibu, karatasi isikatike. Babu alikuwa amegeuka rangi ya chai kwa kupigwa na mwanga miaka yote ile. Kile kipande kilichokunjwa kilikuwa bado kipya, weusi wake mweusi na weupe wake mweupe. Na hapo amesimama mwanamke wa makamo, kajifunga leso, mkono juu ya kiti. Mashavuni ana chale. Mdomo wake wa juu una tundu unaloweza kupitisha kidole. Tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni.

Paji la uso lilikuwa lako. Sikutafuta kufanana, liliniruka machoni.

Fundi hakuniuliza kitu. Nikamwambia aikunje vilevile.

Jioni yake nilikwenda kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa kujua. Alifunga mlango kwanza, kisha dirisha, joto lile. Yule ni mama wa babu. Aliletwa akiwa kigoli kutoka upande wa Nyasa, akanunuliwa na mzee wetu mwenye mashamba, akawa suria wake, akamzalia mtoto mmoja. Jina aliloitwa hapa Mombasa shangazi alinitajia, na nitakutajia tukionana uso kwa uso. Lile aliloitwa na mamake halikufika kwetu.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa, maana huko uliko watu hawayajui, na hapa wanaoyajua hawayasemi. Kwa sharia, mtoto wa suria ni huru tangu anapozaliwa, anafuata nasaba ya babake na anarithi sawa na ndugu zake. Mama naye anakuwa huru bwana akifa, na baada ya kuzaa hauziki tena. Basi babu alikuwa mwungwana kamili, hakuna kadhi angesema vinginevyo. Ndiyo maana nasaba niliyokufundisha, ile ya kwenda mpaka kwenye Thelatha Taifa, yale makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa, ni bin juu ya bin, wanaume watupu. Mama hakufutwa kwenye nasaba. Hakuwahi kuwa na mahali pa kuandikwa.

Kwa hiyo kukunja kulikuwa kwa nini? Aliyeikunja ni babangu. Shangazi alimwona. Wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kuiona nyumba, na chale unaweza kusema ni ugonjwa wa utotoni, lakini tundu la mdomo halina la kusingizia. Aliweka rula, akapitisha kucha, akakunja. Shangazi alimletea gundi akaikataa, akasema gundi itaharibu picha. Na mkasi ulikuwepo, wa cherehani ya mamake, pale pale mezani. Hilo la mkasi nimeliwaza kuliko yote. Alimkunja bibi yake kwa uangalifu wa mtu anayekunja shati atakalolivaa tena.

Uliniambia jina la mchezo lina maana mbili kwa matamshi mawili: linalofaa, na kujitwalia cha mwenzio. Sisi tuna neno letu, kufu, mtu wa hadhi yako unayeweza kuoana naye. Fulani ni kufu yetu, fulani si kufu yetu. Unalijua. Lililonifanya niandike badala ya kukupigia ni hili: nimelitumia neno hilo mimi mwenyewe, baada ya kuiona picha.

Unamkumbuka yule mwalimu aliyetaka kumposa dadako? Kijana mwenye adabu, akija hapa hakai mpaka aambiwe. Watu wakaninong'oneza kwamba babu yao alitoka Freretown akasilimu baadaye. Ng'ambo tu ya Tudor hapo, Kongowea, mahali ambapo misheni ya Kianglikana ya CMS iliwaweka mwaka 1875 watu waliokombolewa majini na manowari za Waingereza. Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ametia saini mwaka 1873 kwamba watumwa wasisafirishwe tena kwa bahari, baada ya kushinikizwa na mjumbe wa Waingereza, Bartle Frere, yule ambaye Freretown imeitwa kwa jina lake. Kengele yao iliyopigwa kuwaonya watu wasije wakatekwa tena ndiyo iliyoipa Kengeleni jina, na mimi nimepita hapo kwa matatu maisha yangu yote. Waliofikishwa pale wengi walikuwa watu wa Nyasa. Nikiwa najua hilo, na picha iko ukutani, nilimwambia babako: "Hao si kufu yetu." Babako alinitazama tu, akaenda kuswali.

Dadako hakuniuliza sababu. Ana mume mwema sasa na watoto wawili, alhamdulillahi, lakini kuna vitu haniulizi tena.

Kuhusu mchezo wako: nimependa Bo alipoambiwa albamu ile inauzika kwa pesa nyingi, familia nzima ikabadilika sauti. Hilo si la Arkansas peke yake. Hapa pwani utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907, na fidia ililipwa na serikali kwa mabwana. Aliyelipwa ni aliyenunua. Ila Franz kujitosa ziwani na zile picha sikumwelewa, na wewe ukisema ulitokwa na machozi sikukuelewa vilevile. Yeye anaoga, anatoka msafi, na wale waliouawa wanakuwa wamekufa mara ya pili. Wale walikuwa familia ya wazungu inayotazama watu wa wengine. Mimi nikiitosa ya kwangu pale Forodhani, namtosa mama wa babu yangu.

Basi juzi nimeishusha. Yule fundi amekufa, duka analo mwanawe. Nimemwagiza fremu pana, ya upana wa picha yote, na nikamkataza asijaribu kuificha alama ya mkunjo kwa rangi, maana aliniambia anaweza. Itakuwa tayari Jumamosi inshaallah. Ukutani limebaki doa jeupe la fremu ya zamani, na dadako anakuja Ijumaa na watoto. Ataliona, na safari hii akiuliza sitasema ni fundi wa rangi. Ukizungumza naye kabla ya hapo usimgusie, niachie mimi nianze.

Mamako