Meli Iliyopoteza "Mikono" Yote

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili alikuwa akinisomea habari ya meli iliyozama baharini, na alipofika kwenye maneno "lost with all hands" akasema kuwa meli ilipoteza mikono yote. Sisi tunaosafiri ziwani hatujaona chombo chenye mikono. Nimweleweshe vipi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, meli hiyo ilizama na mabaharia wake wote, asiokoke hata mmoja. Katika Kiingereza, mtu wa kazi za mikono huweza kuitwa kwa jina la kiungo hicho, hasa melini na shambani: "deck hand" ni baharia wa kazi za sitahani, "farm hand" ni kibarua wa shamba, na amri ya "all hands on deck", ambayo asili yake ni kuwaita mabaharia wote wapande sitahani chombo kinapokuwa hatarini, leo hutolewa hata ofisini kazi inapozidi watu. Vivyo hivyo "an old hand" si mkono wa mzee, bali ni mtu mzoefu wa kazi fulani, hata kama bado ni kijana.

Tukitoka melini tukaenda sokoni, "a hand of bananas" ni chane ya ndizi, na kila ndizi katika chane hiyo Waingereza huiita kidole, jambo ambalo kwa macho yangu lina mantiki kamili. Farasi nao hupimwa urefu kwa "hand", kipimo cha inchi 4, yaani sentimita 10.16, kuanzia ardhini hadi juu ya mabega wala si hadi kichwani.

Maneno yanayomponza mwanafunzi zaidi ni yale yanayobadilika kwa mahali. "Give her a hand" shambani ni kumsaidia, ukumbini ni kumpigia makofi; kuomba "hand" ya binti kwa baba yake ni kuposa. "Second-hand" yenye kistari ni kitu kilichokwisha kutumiwa, kama nguo za mitumba, lakini "second hand" ya saa ni mshale wa sekunde. Kuishi "from hand to mouth" hakuhusu ulafi, ni kuganga njaa, pato la leo likaishia katika chakula cha leo. Na "on the other hand" ni "kwa upande mwingine". Mwanafunzi akiniandikia "kwa mkono mwingine" ningemkata alama bila huruma.

Ajihadhari pia na mfanano wa juujuu. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi, ilhali "the long arm of the law" ni uwezo wa sheria wa kumfikia mhalifu popote alipo, na neno lenyewe hapo ni "arm", kwa kuwa Kiingereza hutenga kiganja na sehemu inayopanda hadi begani, ambazo sisi huziita zote mkono. Mwenye mkono wa birika, Mwingereza humwita "tight-fisted", aliyekaza ngumi.