Kijana anataka ukocha wa besiboli chuoni: njia hiyo inafika wapi?

SWALI: Mwanangu Baraka anamaliza chuo mwezi Mei. Amecheza besiboli miaka minne, nafasi ya mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji, katika chuo kidogo cha NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo. Hakuna timu ya kulipwa iliyomchukua, na sasa anasema anataka kuwa kocha wa chuo. Chuo kimoja cha Divisheni ya Pili ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, kimempa nafasi: atasomeshwa shahada ya uzamili bure, atapata posho ndogo, na atakuwa msaidizi wa kocha. Baba yake anaita huo utumwa wa hiari, anataka achukue kazi ya bima aliyokwisha ahidiwa. Njia hii inafika wapi, inachukua muda gani, na tutajuaje kama nafasi yenyewe ni nzuri? Mama Baraka, Kansas City.

JIBU: Mama Baraka, nimekusoma, na Baba Baraka naye nimemwelewa. Kazi yangu iko upande wa kanuni katika idara ya michezo ya chuo, kwa hiyo mikataba ya makocha naiona kabla haijasainiwa. Kwenye hela za miaka ya mwanzo mzee hajakosea. Ila kazi aliyopewa kijana si ya kudharauliwa: ndio mlango wa kawaida wa ukocha, na kwa sasa una thamani kuliko zamani.

Tuanze na hapo. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara, na mmoja wa kujitolea. Huyu wa kujitolea alifanya kazi sawa na wenzake, ila mshahara hakuwa nao. Aliishi kwa kambi za watoto wakati wa kiangazi na masomo ya kupiga mpira kwa saa. Tarehe 1 Julai 2023 NCAA ilifuta cheo hicho, na benchi la ufundi likawa na wasaidizi watatu wanaoweza kulipwa. Habari njema, lakini ina upande wa pili. Nafasi ikishakuwa na mshahara, kocha mkuu haimpi kijana aliyevua jezi jana. Anamtafuta mtu aliyekwisha iva. Kwa hiyo vijana wanaivia chini: Divisheni ya Pili, ya Tatu, NAIA na vyuo vya miaka miwili. Hapo ndipo Baraka alipoitwa.

Inafika wapi? Mfano wa karibu nanyi kabisa ni Dave Van Horn. Alianza hivyo hivyo, msaidizi anayesomea uzamili pale Chuo Kikuu cha Arkansas miaka ya 1980. Akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha miaka miwili, Texarkana. Kisha akaja Central Missouri, pale Warrensburg, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwenu, akabeba ubingwa wa Divisheni ya Pili mwaka 1994. Akapita Northwestern State ya Louisiana, akaifikisha Nebraska kwenye fainali za taifa za vyuo kule Omaha mwaka 2001 na 2002, na tangu msimu wa 2003 ni kocha mkuu wa Arkansas alikoanzia. Mwaka 2018 alibakiza mpigaji mmoja tu wa kutoa awe bingwa wa taifa. Mpira ukapaa, ukaanguka katikati ya wachezaji wake watatu, Oregon State wakafufuka na kesho yake wakachukua kombe. Kazi hii ina siku za namna hiyo, na Baraka azijue mapema.

Njia ya pili ni ya kukaa muda mrefu kwenye usaidizi wa timu kubwa. Tony Vitello hakucheza besiboli ya kulipwa. Alikuwa msaidizi Missouri, kisha TCU, kisha Arkansas kwa huyo huyo Van Horn, jumla ya miaka kumi na ushee, ndipo Tennessee wakampa timu mwaka 2017. Mwaka 2024 akachukua ubingwa wa taifa, na Oktoba 2025 timu ya kulipwa ya San Francisco Giants ikamfanya meneja wao, yaani kocha mkuu, moja kwa moja kutoka chuoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mtu asiyekuwa na siku hata moja ya besiboli ya kulipwa. Huyo ni mmoja. Msipange maisha kwa kumtazama yeye. Nimemtaja kwa sababu moja: kutochukuliwa na timu ya kulipwa hakumfungii Baraka mlango.

Sasa kinachompandisha msaidizi ni nini? Wazazi wengi hudhani ni ushindi. Ushindi unaandikwa jina la kocha mkuu. Msaidizi anapanda kwa vitu viwili: kufundisha warushaji, au kusajili. Mwenye uwezo wa vyote viwili hakai mtaani.

Usajili wa besiboli una hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Divisheni ya Pili, kikomo ni ufadhili kamili 9 kwa kikosi kizima, na wachezaji ni zaidi ya thelathini. Maana yake unaukata vipande: huyu asilimia 40, yule 25, mwingine anapewa vitabu tu na ada inazibwa na msaada wa kitaaluma kwa kuwa alama zake nzuri. Divisheni ya Kwanza kikomo kilikuwa 11.7 miaka yote hiyo. Tangu msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyokubali masharti ya ile kesi ya House, ya wanamichezo walioishitaki NCAA kuhusu malipo, vinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi kisizidi 34. Vyuo vyenye hela vimefurahi. Vingine bado vinakata keki ile ile. Msaidizi anayeweza kukaa na mama wa mchezaji mezani, akamweleza kwa nini asilimia 35 hapa ni nafuu kuliko 60 kule kwenye ada kubwa, huyo kocha mkuu hamwachii aondoke kirahisi. Ongeza dirisha la uhamisho, ambapo mchezaji uliyemlea miaka miwili anahama kiangazi kimoja, na utaona kwa nini simu ya msaidizi haizimwi.

Upande wa warushaji Baraka ana mtaji. Mdakaji ndiye anayeuona mchezo wote ukiwa mbele yake. Siku hizi chuoni mpira wa kurusha huchaguliwa na kocha akiwa benchi, anautuma kwa kifaa cha mkononi, mdakaji anasoma namba. Kijana aliyepokea namba hizo miaka minne na akajiuliza kila mara kwa nini imeitwa hiyo, tayari ameanza kusomea ukocha. Kinachobaki ni vipimo. Ajifunze Rapsodo na TrackMan, vifaa vya kupima mwendo wa mpira, mpaka aweze kumwambia mrushaji kwamba mpira wake unazunguka vizuri ila mhimili umelala, na kwamba tatizo liko kwenye vidole, bega halina kosa. Wes Johnson alianzia kufundisha shule za sekondari Arkansas. Ujuzi huo wa warushaji ukampeleka timu ya kulipwa ya Minnesota Twins, akarudi chuoni LSU katikati ya msimu wa 2022, na mwaka uliofuata akapewa timu ya Georgia.

Kuhusu ubora wa nafasi yenyewe, jina la chuo lisiwababaishe. Baraka ampigie kocha amuulize: wasaidizi wake watatu au wanne wa mwisho wako wapi leo? Kama wamepata kazi za ukocha, huyo bwana huwapigia watu wake simu, na ajira nyingi huku hupatikana hivyo kabla tangazo halijakauka wino. Kama wote wameishia kuuza bima, bora aanze nayo moja kwa moja. Aulize pia atashika kundi gani uwanjani. Kufagia dugout, banda la wachezaji, kufua jezi, kuchora mistari ya chokaa, kukokota turubai juu ya kilima cha mrushaji mvua ikianza, kuendesha basi dogo usiku, hayo atayafanya kila mahali na wala asiyanung'unikie. Lakini jioni awe na wadakaji wake mwenyewe wa kufundisha, na aruhusiwe kwenda kutazama wachezaji wa kusajili. Akikosa hivyo viwili, miaka miwili itaisha akiwa fundi wa nyasi mwenye uzamili.

Ada yote imelipwa au ni sehemu tu? Bima ya afya ipo? Chumba je? Haya yawe kwenye barua, si kwenye simu.

Muda: miaka miwili ya uzamili, kisha mara nyingi kuhama hama vyuo viwili vitatu kabla ya mshahara wa kulea familia. Makocha wakubwa wa SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini, wanapokea zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, lakini huko chini wasaidizi wengi bado wanafundisha kambi ili kodi itimie. Na kocha mkuu akiondoka, benchi lake linatikisika lote. Juni 2024 Jim Schlossnagle aliiongoza Texas A&M hadi mchezo wa mwisho wa fainali, akafungwa, na siku iliyofuata akatangazwa kocha wa Texas, mahasimu wao wakubwa. Kocha wa wapigaji wa timu aliyoiacha, Michael Earley, alibahatika kurudishwa huko na kupewa timu. Si kila msaidizi hupata bahati hiyo.

Kwa wasomaji wenye viza ya mwanafunzi, F-1, walio na kijana kama huyu: kazi za chuoni wakati wa muhula zina kikomo cha saa 20 kwa wiki, na ratiba ya besiboli haijui hesabu hiyo. Ongeeni na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote.

Mimi ningemshauri akubali, kwa sharti la vile viwili: wadakaji wake wa kufundisha, na ruhusa ya kwenda kutazama wachezaji wa kusajili. Amwombe bosi wa bima amwekee nafasi ya kazi za kiangazi kama inawezekana, na Januari aende kwenye mkutano wa chama cha makocha, ABCA, hata kama atalala wanne chumba kimoja. Barua ya ahadi ikifika nitumie nakala, nitaisoma vipengele vya ada na bima kabla hajasaini.