Maswali Yenu: Kompyuta za kwanta na foleni za mabasi

Swali: Shikamoo mhariri, mi naishi Mbagala, asubuhi foleni inatumaliza kwa kweli, sasa jamaa kaniambia Ulaya kompyuta za kwanta zinapanga mabasi, ni kweli au stori tu?

Jibu: Marahaba mwanangu, ni kweli ilijaribiwa. Kompyuta ya kwanta ni ile inayopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana. Novemba 2019 kule Lisbon, Ureno, wakati wa mkutano wa teknolojia wa Web Summit, Volkswagen na kampuni ya mabasi ya jiji, Carris, walijaribu mabasi 9, njia zikapigiwa hesabu na mashine ya kwanta ya kampuni ya D-Wave ya Kanada na dereva anaonyeshwa kwenye skrini apite wapi. Ugumu uko hapa: ukiyaambia mabasi yote barabara fulani iko wazi, yote yanaenda kujazana hukohuko, kwa hiyo unayapanga kwa pamoja, na mabasi 9 yenye njia 3 kila moja tayari ni michanganyiko 19,683, jiji zima sijui utaihesabuje, ndiyo maana wakajaribu kwanta!

Ila nisikudanganye, mabasi 9 hata kompyuta ya kawaida inayamudu. Mbagala mi ningeanza na mabasi ya kutosha, njia yao isivamiwe na bodaboda, halafu GPS kila basi, maana bila kujua basi liko wapi hiyo kwanta haina cha kupigia hesabu.