DSLR: ichague kwa mkono, kisha ujifunze kuikatalia

Mtu akiniuliza anunue kamera gani, mara nyingi swali linakuja limebeba megapikseli. Hii ina 24, ile ina 16, si bora ya 24? Nami humuuliza: umeishika? Wengi hawajaishika. Wamesoma sifa zake, wametazama video za kuilinganisha na wenzake, ila mkono wao haujawahi kuigusa.

Ninaanzia mkononi kwa sababu ya jinsi kamera hizi zilivyoundwa. Ndani ya DSLR, yaani kamera ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha, mna kioo kilichoinamishwa mbele ya sensa, kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa picha. Mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo hicho, unapanda juu, unageuzwa na prizimu (au vioo vingine vidogo, kwenye kamera za daraja la kuanzia), kisha unalifikia jicho lako kupitia kidirisha cha kutazamia. Ukibonyeza kitufe cha kupigia, kioo kinaruka juu, shata (pazia dogo lililo mbele ya sensa) inafunguka, sensa inapata mwanga wake, kioo kinarudi chini. Ule mlio unaousikia ni kazi ya hivyo viwili. Kwa hiyo unapochungulia kidirishani huoni picha. Unaona kitu chenyewe. Simu hukuonyesha picha kabla hujaipiga, kama inatoka giza unaliona giza hapohapo. DSLR ukichungulia kidirishani haikuonyeshi hilo. Unamwona mtu amekaa mbele ya dirisha, uso wake uko wazi kabisa machoni pako, unapiga, unageuza kamera kutazama kiwambo cha nyuma, na uso ni kivuli kitupu.

Ndiyo maana nasema mwenye DSLR lazima ajue mapema kamera yake itakosea wapi, na airekebishe jicho likiwa bado kidirishani. Na huwezi kurekebisha haraka kama kila kitu kimefichwa kwenye menyu.

Basi ukiwa na kamera mkononi, fanya hivi kabla hujauliza jambo lingine. Kwanza zungusha kile kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya kidirisha mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Watu wengi hulaumu lenzi kumbe kidirisha hakijapimwa kwa jicho lao. Kisha, bila kuondoa jicho, tafuta kwa vidole kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Tafuta cha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Sogeza nukta ya fokasi, ile inayoamua sehemu gani ya picha iwe kali, kutoka katikati mpaka pembeni. Ukilazimika kuishusha kamera kila mara ili utazame, au kidole gumba kinajikunja vibaya kufikia kitufe, hiyo siyo yako hata kama mwenzako anaisifu.

Kamera za daraja la kuanzia huwa na gurudumu moja tu la kubadilishia vipimo. Za daraja la kati huwa na mawili, moja la kidole cha shahada na moja la gumba. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kazini ni kubwa. Mimi ningechukua Nikon D7000 ya mwaka 2010, yenye megapikseli 16, magurudumu mawili na prizimu halisi, nikaiacha D3400 ya mwaka 2016 yenye megapikseli 24 na gurudumu moja. Kuna wasiokubaliana nami, hasa wanaokata sana picha baada ya kupiga, na wana hoja yao.

Kwenye Nikon kuna jambo moja la kuangalia. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya mwili. Ukizifungia lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe, lenzi inakaa vizuri na picha inapigika, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa kamera hizo tafuta lenzi zilizoandikwa AF-S, au AF-P kwa zile mpya zaidi, maana kamera za zamani za familia hizo hazipati fokasi na AF-P. Canon hawana tatizo hilo kwa sababu tangu walipoanza mfumo wao wa EF mwaka 1987 waliweka mota ndani ya lenzi. Wao shida yao ni nyingine: lenzi za EF-S hazikai kwenye kamera zao zenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24.

Je, inafaa kununua DSLR wakati kampuni zenyewe zimeshageukia kamera zisizo na kioo? Kwangu ndiyo, na sababu ni hiyohiyo. Canon na Nikon walitoa kamera zao kubwa za mwisho za aina hii mwaka 2020, na tangu hapo wapiga picha wengi wamehama na kuuza walizokuwa nazo. Mitumba ni mingi, na lenzi zake ni nyingi zaidi. Ikiwa kazi yako kubwa ni video, sikushauri. Hapo kamera isiyo na kioo inakufaa zaidi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi. Fungua lenzi, ipitishie mwanga upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Vumbi la hapa na pale lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na lenzi ya namna hiyo iache. Tazama pia vile vipande vyembamba vinavyofunga tundu la lenzi. Vikiwa vinang'aa kwa mafuta vinaweza kunata. Halafu weka tundu kwenye f/16, yaani tundu dogo, ondoa fokasi, piga picha ya ukuta mweupe na uikuze kwenye kiwambo. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi juu ya sensa, na husafishika. Mstari mkali usiohama picha hadi picha ni habari nyingine. Fungua na mlango wa betri uone kama kuna kutu. Kuhusu idadi ya picha ambazo shata imeshapiga, iulizie, lakini usiifanye hukumu: Nikon walisema shata ya D7000 imejaribiwa kwa mizunguko 150,000, na hiyo haimaanishi itakufa ikifika hapo.

Lenzi. Kamera nyingi huja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Ichukue, haina ubaya mchana. Tatizo lake ni ndani ya nyumba jioni, kwa sababu ukiivuta mpaka 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo huwa miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa kila kampuni, inaingiza karibu mara kumi ya mwanga huo. Ila kumbuka kwamba kwenye sensa ndogo 50 inabana: kwa Nikon inaona kama 75, kwa Canon kama 80. Kwa sura za watu ni nzuri mno. Kwenye chumba kidogo utajikuta umeegemea ukuta na bado kichwa cha mtu kinakatika, na hapo ya milimita 35 ndiyo inayofaa.

Sasa kujifunza. Wako wanaosema mpiga picha wa kweli anatumia M tu, yaani kuweka tundu na kasi vyote kwa mkono. Wapuuze. Weka gurudumu la juu kwenye A kwa Nikon, au Av kwa Canon: wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi ya shata. Namba za tundu zinakwenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukipanda hatua moja mwanga unapungua nusu. Namba ndogo, tundu kubwa, nyuma ya mtu kunafifia. Namba kubwa, vitu vingi zaidi vinaonekana wazi. Kwa hapo mwanzo inatosha kujua hivyo.

Linalohitaji muda ni kipimo cha mwanga. Kamera haijui inatazama nini. Inadhania kwamba chochote ulichokilenga, ukikichanganya chote pamoja, kitatoka kijivu cha wastani. Tangu Nikon FA ya mwaka 1983, iliyogawa fremu katika sehemu tano na kuzilinganisha, vipimo vimekuwa na akili zaidi, lakini dhana ile bado imo. Tandika shuka jeupe, lijaze fremu, piga. Litatoka kijivu. Tandika koti jeusi mahali palepale, piga. Nalo litatoka kijivu. Sasa rudi kwenye shuka, shika kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, zungusha mpaka +1 au zaidi kidogo: linakuwa jeupe. Koti linataka -1. Wengi huona kinyume, kwamba kitu cheupe kinahitaji kupunguziwa mwanga. Rudia jaribio hilo mpaka kidole kizoee chenyewe.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina pande mbili, na sijaona likielezwa vya kutosha. Mtu mweusi yuleyule, ukimsogelea mpaka uso wake ukajaza fremu, kamera itaona giza nyingi na itaongeza mwanga. Ngozi inapauka, ule ukwasi wa rangi unapotea. Hapo toa kidogo, -0.7 hivi. Mrudishe nyuma asimame mbele ya ukuta mweupe au anga, awe mdogo kwenye fremu, na kamera itaona weupe mwingi na itapunguza mwanga, uso unazama. Hapo jumlisha, +1 au hata +1.7. Mtu hajabadilika, mwanga uliomwangukia haujabadilika. Kilichobadilika ni eneo lake kwenye fremu, na kamera haina habari.

Usiamini kiwambo kwa macho tu. Juani kitaonekana giza, usiku kitaonekana king'avu kuliko picha ilivyo. Washa onyo la sehemu zinazopepesa pale mwanga unapozidi, na pigia RAW (faili ghafi ya kamera) badala ya JPEG ya kawaida kama una nafasi kwenye kadi: faili hizo hubeba biti 12 au 14 kwa kila rangi, wakati JPEG ina 8, kwa hiyo uso uliozama kidogo unaweza kuuinua bila kuuharibu. Uliopauka mpaka ukawa mweupe kabisa hauokoki.

Kasi ya shata nitaipitia haraka. Chini ya 1/125 ya sekunde watu hutikisika hata wakidhani wametulia, na watoto wanaokimbia wanataka 1/500. Tundu likiwa wazi na kasi bado haifiki, pandisha ISO bila huruma. Chenga kwenye picha zinavumilika, mtikisiko hauvumiliki.

Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho lililo karibu nawe. Ukiiachia kamera ichague, itachagua kilicho mbele zaidi, na hicho mara nyingi ni pua, au mkono, au glasi iliyo mezani. Kwa f/1.8 na mtu akiwa karibu, jicho likiwa kali sikio limeshafifia, kwa hiyo ukishaishika fokasi usiyumbe mbele wala nyuma.

Tamaa ya lenzi nyingine itakuja tu. Ikija, fungua picha zako kwenye kompyuta na utazame taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kila faili, zinaonyesha ulipiga kwa milimita ngapi. Kama nyingi zimerundikana kwenye 18, unahitaji lenzi pana zaidi. Kama zimerundikana kwenye 55, unahitaji ndefu. Kama zimetawanyika katikati, ile uliyonayo bado inatosha, na pesa hiyo inunulie fleshi inayogeuka kichwa ili uielekeze darini.